Printa ya mtandao imegoma kwenye Linux? Usianze na draiva

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za maduka ya steshenari, mengi yakiwa jirani na vyuo hapa Morogoro. Maduka haya yanaishi kwa printa. Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, vijana wanajaa kaunta na fomu zao, na printa ikisimama nusu saa tu mwenye duka anawaona wateja wakivuka barabara kwenda kwa jirani. Kompyuta nyingi nilizowafungia zinatumia Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa sababu ni mashine za mtumba zisizo na nguvu ya kubeba Windows ya sasa, na kwa sababu virusi vinavyokuja na flashi za wateja haviziwezi.

Simu ninayopigiwa ni ileile: "Dada, printa imegoma, tutafutie draiva." Ninawaambia draiva tuiache kwanza. Kwenye printa za sasa draiva ni kitu cha mwisho kabisa kutafuta, na mara nyingi hatufiki huko. Hapa nimeandika mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Amri zote ni za Debian 12. Ubuntu na ndugu zake hazitofautiani, na mwenye FreeBSD atabadilisha namna ya kufunga vifurushi, kuwasha huduma na amri chache za mfumo, maana CUPS, yaani mfumo wa uchapaji, ni hiyohiyo.

Kwa nini hakuna draiva

Zamani kila kampuni ilikuwa na lugha yake ya printa, na bila programu ya kampuni hiyo kompyuta haikuwa na la kusema. Simu ndizo zilizolazimisha mabadiliko. Apple walipotoa AirPrint, njia yao ya kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye simu, pamoja na iOS 4.2 mwezi Novemba 2010, hakukuwa na namna ya mtu kufunga draiva kwenye iPhone. Ikabidi printa yenyewe ijieleze: naitwa fulani, nina trei hizi, naweza kuchapa pande mbili, napokea mafaili ya aina hii na hii. Mwaka 2013 Printer Working Group, umoja wa kampuni za printa na programu, wakatoa kanuni zao zilizo wazi kwa kila mtu kuhusu jambo hilohilo, wakaziita IPP Everywhere. Zote mbili zinapita juu ya itifaki moja, IPP (Internet Printing Protocol), kwenye porti 631. Nayo CUPS, iliyoanzishwa na Michael Sweet mwishoni mwa miaka ya 1990, ilijengwa juu ya IPP tangu toleo lake la kwanza.

Kwa hiyo ukiona alama ya AirPrint, au ya Mopria ambayo ni ya simu za Android, kwenye boksi la printa yako, maelezo yote ambayo draiva ingeleta yamo ndani ya printa. Tatizo lako halitakuwa draiva. Litakuwa kwamba kompyuta na printa hazijasikilizana, na hilo lina dawa.

Anza kwenye printa, si kwenye kompyuta

Watu huchanganya mambo mawili: printa kuonekana kwenye orodha, na printa kuchapa. Printa isiyoonekana kwenye orodha yoyote inaweza kuchapa vizuri kabisa ukiitaja kwa anwani yake, na inayoonekana vizuri inaweza isichape hata herufi. Ukiyatenganisha haya mawili umeshapunguza kazi nusu. Mimi naanza na kuchapa. Kuonekana nakuacha kando mpaka nihakikishe printa inajibu.

Kwenye menyu ya printa, sehemu ya mtandao, kuna chaguo la kuchapa ukurasa wa taarifa. Uchape, utafute anwani ya IP. Ikiwa inaanza na 169.254, printa haikupewa anwani na rauta, ikajipachika yenyewe, na hakuna kompyuta ya kawaida dukani itakayoifikia. Hili hutokea sana umeme ukikatika na kurudi: printa huamka haraka, rauta ya laini ya simu bado inahangaika kutafuta mtandao, printa inaomba anwani na hakuna wa kuijibu. Zima printa, subiri rauta itulie, washa tena.

Ukipata anwani ya maana, tuseme 192.168.1.50, nenda kwenye kompyuta ufunge vitu vinavyohitajika, kisha uiulize printa moja kwa moja:

```
sudo apt install cups cups-filters cups-ipp-utils avahi-utils libnss-mdns
ping -c 3 192.168.1.50
ipptool -tv ipp://192.168.1.50/ipp/print get-printer-attributes.test
```

Hii amri ya tatu naipenda kuliko zote. Haihitaji foleni yoyote (printa iliyosajiliwa kwenye CUPS, ambako kazi hupanga mstari), haihitaji printa ionekane kwenye orodha, na haipitii seva ya CUPS. Inaiuliza printa, "wewe ni nani na unaweza nini?", na jibu linakuja mistari mingi. Usiogope wingi wake. Tafuta minne tu: `printer-state-reasons`, itakayokwambia kama karatasi zimekwisha au mlango uko wazi, `media-ready`, yaani karatasi zilizomo kwenye trei kwa imani ya printa, `ipp-versions-supported`, ambayo unataka iwe na 2.0, na `document-format-supported`. Kwenye huu wa mwisho, ukiona `image/urf`, `image/pwg-raster`, `application/PCLm` au `application/pdf`, basi printa inaweza kuchapa bila draiva. Hukumu imeshatoka, na mtu yeyote anayekutuma tovuti fulani kupakua faili la draiva anakupotezea muda.

Ping ikijibu lakini `ipptool` ikakataliwa, fungua `http://192.168.1.50` kwenye kivinjari uingie kwenye mipangilio ya printa. Kuna sehemu ya itifaki, na humo IPP au AirPrint inaweza kuwa imezimwa. Iwashe. Jibu likiwa `client-error-not-found`, printa ipo ila umekosea njia, kwa sababu si zote zinazotumia `/ipp/print`. Njia sahihi utaiona hapa chini kwenye matangazo yake, baada ya neno `rp=`.

Printa inajibu, lakini haionekani

Printa hujitangaza kwa mDNS: pakiti za UDP, porti 5353, kwenda anwani 224.0.0.251. Ni sawa na muuza samaki anayepita mtaani akinadi. Wa mtaa huo wote wanamsikia, wa mtaa wa pili hawana habari. Rauta haivushi matangazo haya kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Ukilielewa hilo, nusu ya visa vya "printa imepotea" vinajieleza vyenyewe.

Sikiliza matangazo kwa amri hii:

```
avahi-browse -rt _ipp._tcp
```

Ikitoa jina, anwani na mstari mrefu wa `txt` wenye `rp=` na `pdl=`, kompyuta inasikia. Ikinyamaza, jaribu tena kwa `_ipps._tcp`, kisha hakikisha huduma yenyewe iko hai kwa `systemctl status avahi-daemon`. Kama una ukuta wa moto, ruhusu matangazo yaingie. Kwa ufw ni `sudo ufw allow 5353/udp`; kwa firewalld ni `sudo firewall-cmd --permanent --add-service=mdns` ikifuatiwa na `sudo firewall-cmd --reload`.

Hata hivyo, kwenye maduka ninayohudumia ukuta wa moto si mkosaji wa kawaida. Mkosaji mkubwa ni duka kuwa na rauta mbili.

Hali huwa hivi. Duka lina rauta ya laini ya simu iliyotoka kwa kampuni ya mtandao. Mawimbi hayafiki chumba cha nyuma, mwenye duka ananunua rauta ya pili, anachomeka waya kwenye tundu la WAN, la kupokea intaneti, kwa sababu limeandikwa hivyo na lina rangi yake, waifai inafika, kila mtu anafurahi. Lakini sasa duka lina mitandao miwili: mmoja 192.168.1, mwingine 192.168.0. Kompyuta ikiwa chumba cha nyuma na printa ikiwa kaunta, tangazo halivuki. Kinachowachanganya mafundi ni kwamba kompyuta ya nyuma inaweza kabisa kui-ping printa ya kaunta na kuichapia kwa anwani, kwa sababu rauta ya pili inapitisha safari za kutoka. Geuza mambo, printa iwe nyuma na kompyuta iwe mbele, hata ping haifiki. Linganisha anwani ya printa na jibu la `ip -4 addr` kwenye kompyuta. Kwenye mitandao ya madukani, namba tatu za mwanzo zikitofautiana, umempata mkosaji.

Dawa yake ni kuifanya rauta ya pili iache kuwa rauta. Ingia kwenye mipangilio yake, ipe anwani iliyo kwenye mtandao wa ile ya kwanza na isiyotumiwa na kifaa kingine, mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake (huduma ya kugawa anwani), kisha hamisha waya kutoka tundu la WAN kwenda tundu lolote la LAN, yale ya vifaa vya ndani. Rauta nyingine zina kitufe cha "Access Point" kinachofanya yote hayo kwa mkupuo.

Mkosaji wa pili ni mpangilio wa rauta unaoitwa AP Isolation au Client Isolation. Ukiwashwa, vifaa vya waifai vinaenda intaneti lakini haviongei vyenyewe kwa vyenyewe. Mtandao wa wageni hufanya hivyohivyo kwa makusudi, na ni vizuri wateja wakae huko, ila printa na kompyuta ya kaunta zisiwe huko. Kipimo cha haraka ni simu: iunganishe kwenye waifai ileile ya printa ujaribu kuchapa picha. Simu ikichapa na kompyuta ikashindwa, printa ni nzima, na uangalie kompyuta yako iko mtandao gani.

Kuna kisa kimoja kinachofanana na hivi lakini si hivi: `avahi-browse` inaiona printa, foleni ipo, unatuma kazi, na CUPS inalalamika "Unable to locate printer" ikifuatiwa na jina linaloishia na `.local`. Hapo kompyuta inasikia tangazo lakini haiwezi kugeuza jina kuwa anwani. Jaribu `getent hosts` ukiweka jina lile mbele yake. Ikirudi kimya, kifurushi cha `libnss-mdns` hakipo, au mstari wa `hosts:` kwenye `/etc/nsswitch.conf` hauna `mdns4_minimal` kabla ya `dns`. Kukifunga kifurushi huongeza neno hilo chenyewe.

Foleni ya duka niitengeneze vipi

Nyumbani, mwachie CUPS. Amri `lpstat -e` itakuonyesha printa zote zilizosikika, na foleni inatengenezwa papo hapo unapochapa. Dukani siachi hivyo. Naipa printa anwani isiyobadilika kwenye rauta, kwa kuifungia namba yake ya MAC, ile namba ya kudumu ya kifaa, halafu natengeneza foleni kwa mkono:

```
sudo lpadmin -p kaunta -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere
sudo lpadmin -d kaunta
lp -d kaunta barua.pdf
```

Angalia `-E` imekaa wapi. Ikija baada ya `-p kaunta`, maana yake ni washa foleni na ipokee kazi. Ikija kabla, maana yake ni tumia usimbaji fiche, na foleni yako itabaki imezimwa. Neno `everywhere` ndilo linaloiambia CUPS iulize printa yenyewe uwezo wake badala ya kutafuta draiva.

Foleni ya namna hii haijali tangazo limefika au halijafika. Mtandao ukiyumba, mradi anwani ni ileile, inachapa. Ndiyo maana nasisitiza anwani ifungwe kwenye rauta. Bila hiyo, umeme utakatika, rauta itagawa anwani upya, 192.168.1.50 itakuwa simu ya mteja, na foleni yako itakuwa inabisha hodi kwenye nyumba isiyo yake.

Ukishakuwa na foleni hii, huduma ya `cups-browsed`, inayotafuta printa za mtandao na kuzitengenezea foleni, huihitaji. Huongeza foleni za ziada zenye majina yanayofanana, na dada wa kaunta anachagua isiyo yenyewe. Zaidi ya hapo, mwezi Septemba 2024 mtafiti wa usalama Simone Margaritelli alitangaza udhaifu kadhaa, mmojawapo CVE-2024-47176, uliotokana na huduma hiyo kusikiliza porti 631 ya UDP na kumwamini yeyote anayeituma pakiti. Marekebisho yalitoka, kwa hiyo sasisha mfumo wako. Mimi kwenye maduka naizima kabisa: `sudo systemctl disable --now cups-browsed`.

Foleni ipo, kazi hazitoki

Kabla ya kuwasha chochote, angalia kilichosubiri:

```
lpstat -p kaunta
lpstat -o kaunta
```

Ya kwanza ikisema `disabled`, foleni ilisimamishwa, kwa kawaida baada ya printa kutopatikana. Utaiwasha kwa `sudo cupsenable kaunta`. Lakini tafadhali usiwashe kabla ya kusoma jibu la pili. Printa ikigoma, mtu hubonyeza chapa tena, na tena, na tena. Ukiiwasha foleni bila kuisafisha, nakala zote zinamwagika: karatasi na tona zinapotea, na wasifu wa kijana mmoja wenye namba zake za simu na kitambulisho unadondoka mbele ya mteja mwingine. Futa zilizojirudia kwa `cancel` na namba ya kazi, au zote kwa `cancel -a kaunta`, ndipo uwashe. Ili foleni isisimame kila umeme unapokatika:

```
sudo lpadmin -p kaunta -o printer-error-policy=retry-current-job
```

Kazi inaonekana inaendelea, printa inawasha taa ya chungwa na haitoi kitu? Hapo waza karatasi. Hati nyingi zinazotoka mtandaoni zimeandaliwa kwa Letter, karatasi ya Marekani yenye milimita 216 kwa 279. Sisi tunaweka A4, 210 kwa 297. Printa inasubiri Letter ambayo haitakuja kamwe. Weka A4 kwenye menyu ya printa yenyewe kwa kila trei, kisha kwenye foleni:

```
sudo lpadmin -p kaunta -o PageSize=A4
```

Kwa hati sugu moja moja, `lp -d kaunta -o media=A4 -o fit-to-page hati.pdf` huimaliza.

Ikiwa kazi inakufa na ujumbe wa "Filter failed", shida iko kwenye kugeuza faili kuwa umbo linalopokelewa na printa, na mara nyingi ni PDF moja iliyoharibika. Chapa faili jingine la kawaida. Likitoka, lisafishe lile bovu kwa `pdftocairo -pdf bovu.pdf safi.pdf` uchape hilo safi. Kama hakuna faili linalotoka, washa kumbukumbu za kina, tuma kazi moja, kisha usome:

```
cupsctl --debug-logging
sudo tail -n 200 /var/log/cups/error_log
cupsctl --no-debug-logging
```

Tafuta mistari yenye namba ya kazi yako, isomwe kutoka chini kwenda juu, maana sababu ya kweli hukaa juu kidogo ya mstari unaotangaza kushindwa. Usisahau amri ya tatu. Kumbukumbu za kina zinajaza diski ndogo upesi.

Ya waya wa USB

Printa mpya nyingi zinaongea IPP hata kupitia waya wa USB. Tangu Debian 11 kazi hiyo inafanywa na `ipp-usb`, inayoiweka printa kwenye `localhost`, yaani anwani ya kompyuta yenyewe, kwa kawaida porti 60000, ikaonekana kana kwamba iko mtandaoni. Tatizo hutokea pale kompyuta inapokuwa na foleni ya zamani inayoanza na `usb://`. `ipp-usb` imeshakishika kifaa, na foleni ile haipati kitu. Iondoe kwa `sudo lpadmin -x` na jina lake, na utumie ile mpya itakayoonekana kwenye `lpstat -e`.

Draiva inapotafutwa kweli

Kama `ipptool` haikutoa hata moja kati ya zile aina nne za mafaili, au `lpadmin` imejibu kwamba printa "does not support required IPP attributes or document formats", printa hiyo haikuzaliwa kwa mfumo huu. Hapo sasa draiva inatafutwa, na itafutwe kwenye hazina ya Debian kabla ya tovuti nyingine yoyote: `apt search printer-driver`. Kuna `printer-driver-brlaser` kwa leza nyingi za Brother, `printer-driver-splix` kwa baadhi ya Samsung za zamani, na `hplip` kwa HP. Na mwenye duka akiniomba nimsindikize kununua printa nyingine, namwambia muuzaji afungue boksi tuichomeke palepale, niiulize kwa `ipptool` kutoka kwenye laptop yangu kabla pesa haijatoka mfukoni.